SENTINELE NA DAFTARI LAKE: Saini za mashine za kuzuia uvamizi, zifichwe ao zifunguliwe?



Katika numero hii ukurasa wa masomo unaleta swali la kompyuta, ile ambayo wengi wetu tunaita ordinatere. Swali lenyewe ni hili. Mashine zinazolinda mitandao mikubwa zina orodha ya alama ndani yake. Mashine inasoma orodha hiyo kusudi ijue nani apite na nani azuiliwe. Kampuni nyingi zinazouza mashine hizo zinaficha orodha. Nyingine zinaiacha wazi, kila mtu aisome. Je, nani anatulinda vizuri zaidi, yule anayeficha ao yule anayefungua?

Msiseme kwamba hayo ni mambo ya mainjinia wa mbali tu. Tarehe 12 Mei 2017 mnyoo wa kompyuta unaoitwa WannaCry ulienea katika nchi nyingi kwa siku moja. Huko Uingereza hospitali zilifungiwa mashine zao na maelfu ya wagonjwa wakafutiwa miadi ya daktari. Kiraka cha kuziba ufa ule kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu tarehe 14 Machi 2017, lakini mashine nyingi zilikuwa hazijakipata. Basi tunaona kwamba ulinzi wa mtandao unagusa mwili wa mtu. Tena, kati yetu tunaomaliza mwaka huu, wako watakaofanya kazi katika benki, hospitali na ofisi. Siku moja mmoja wetu ataulizwa: «Mashine imekataa, juu ya nini?» Ni vizuri awe na jibu.

1. MASHINE HIYO INAFANYA KAZI GANI?

Kila kitu kinachopita kwenye mtandao, ikiwa barua, picha ao sauti, kinakatwa vipande vidogo. Kipande kimoja kinaitwa pakiti. Pakiti inafanana na koli tunayotuma kwa gari. Juu yake kuna anwani: inatoka wapi, inakwenda wapi, na inataka kuingia kwa mlango namba gani. Ndani yake kuna mzigo.

Kuna walinzi wa namna tatu.

Wa kwanza anasoma anwani tu. Akiona koli imetoka fasi asiyoipenda, anairudisha. Hafungui kitu.

Wa pili anachungulia ndani ya mzigo. Akiona kitu kibaya anapiga kengele, lakini koli inaendelea na safari yake. Hii ndiyo mashine ya kugundua uvamizi.

Wa tatu anasimama katikati ya njia, sawa na askari wa bariere. Hakuna koli inayopita bila yeye. Anachungulia, na akiona kitu kibaya anaitupa palepale. Hii ndiyo mashine ya kuzuia uvamizi, nayo ndiyo somo letu la leo.

Angalieni tofauti kati ya wa pili na wa tatu. Wa pili akikosea, anasumbua watu kwa kengele ya bure. Wa tatu akikosea, anakata kazi ya mtu mwenye haki. Tuseme hospitali moja inatuma picha ya radio ya mgonjwa kwa daktari wa mji mwingine. Mashine ikidhani kwamba picha ile ni uvamizi, picha haifiki, na daktari anangoja bure. Kwa hiyo yule wa tatu iko na nguvu zaidi, na lazima aulizwe maswali makali zaidi.

2. SAINI NI NINI?

Mashine haina akili ya kumjua mwizi kwa uso. Inafuata daftari ambalo limeandikwa na watu. Kila mstari wa daftari unasema: «Ukiona alama hii, katika pakiti inayokwenda mlango huu, fanya hivi.» Mafundi wanaita mstari huo saini. Si saini ya kalamu tunayoweka chini ya barua. Ni alama ya kumtambulisha mwovu, kama vile mganga anavyotambua surua kwa vipele vyake.

Tuchukue mfano wa kweli. Mwezi wa Julai 2001 mnyoo unaoitwa Code Red ulishambulia kompyuta zenye programu ya Microsoft ya kutoa kurasa za intaneti. Tarehe 19 Julai 2001 peke yake, katika muda usiofika saa 14, zaidi ya kompyuta 359 000 ziliambukizwa. Programu ile ilikuwa na ufa: mtu akiomba ukurasa wa aina fulani, wenye jina linaloishia na .ida, na akiongeza nyuma yake maneno marefu kupita kiasi, maneno yale yanafurika na kuandika fasi isiyo yao ndani ya kompyuta. Hapo mgeni anakuwa bwana wa nyumba.

Code Red ilijaza maneno marefu yale kwa herufi N: NNNNNNNN, na kuendelea hivyo mara nyingi. Nyuma yake ndipo ilipoweka maagizo yake mabaya.

Sasa, wewe ukiwa mwandishi wa daftari, utaandika saini gani? Tufikiri juu ya mbili:

Saini A: «Ukiona ombi la default.ida linalofuatwa na NNNNNNNN, tupa.»

Saini B: «Ukiona ombi lolote la .ida lenye maneno marefu kupita kipimo cha ufa, tupa.»

Zote mbili zinamkamata Code Red wa mwezi wa Julai. Ukipima siku ile, unasema zinafanana. Lakini tarehe 4 Agosti 2001 alitokea mnyoo mwingine, Code Red II, aliyeingia kwa ufa uleule. Huyu hakutumia herufi N. Alitumia herufi X.

Saini A ingemwacha apite bila neno. Saini B ingemkamata.

Mnaona? Saini A inatazama nguo ya mwizi. Saini B inatazama tundu la ukuta ambalo kila mwizi lazima apite. Mwizi anaweza kubadili nguo katika dakika moja. Tundu halibadiliki mpaka lizibwe.

3. HAPA NDIPO SWALI LINAPOZALIWA

Tuseme kampuni inakuuzia mashine, na katika orodha yake umeandikiwa: «Code Red: tunazuia.» Ni kweli. Lakini ni kwa saini A ao kwa saini B? Kama daftari limefichwa, hutajua. Utajua siku Code Red II atakapoingia, yaani utajua nyuma ya hasara.

Kama daftari liko wazi, mtu anayejua kusoma atafungua mstari ule na kuona kwa macho yake. Akiona saini ni ya nguo tu, atarekebisha mwenyewe mbele ya mwizi kubadili nguo.

Basi neno «wazi» lina maana tatu ambazo tusizichanganye:

(a) Kusoma: mteja anaweza kuona saini inatafuta nini hasa.
(b) Kubadili: mteja anaweza kurekebisha saini, kuizima, ao kuandika yake mwenyewe.
(c) Kugawa: mteja anaweza kumpa jirani saini hiyo bila kuvunja sheria.

Kampuni inaweza kukubali (a) na kukataa (c). Mtu anayekuambia «mashine yangu iko wazi», mwulize: wazi kwa maana ipi?

4. HISTORIA FUPI

Mwaka 1998 Mmarekani Martin Roesch alitoa programu inayoitwa Snort. Ilikuwa ya bure, na saini zake ziliandikwa kwa maneno ambayo mtu anaweza kusoma na kuandika kwa mkono. Watu wa nchi mbalimbali wakaanza kuandika saini na kupeana. Mwaka 2001 Roesch alianzisha kampuni ya Sourcefire kusudi kazi hiyo ipate feza.

Mwaka 2005 Sourcefire ilibadili mapatano juu ya saini ambazo wafundi wake waliandika. Programu ilibaki ya bure, lakini saini mpya zilipewa kwanza wale wanaolipa. Wengine waliojiandikisha walipaswa kungoja. Mwaka 2013 kampuni kubwa ya Cisco ilinunua Sourcefire. Hata leo utaratibu ni huo: anayelipa anapata saini mara moja, aliyejiandikisha bila kulipa anazipata nyuma ya siku 30. Kando ya hizo kuna saini za jamii ambazo ni za bure kwa wote.

Wengine walifanya njia yao. Programu inayoitwa Suricata ilitoka mwaka 2010, ikitengenezwa na shirika lisilotafuta faida. Maandishi ya saini zake yanafanana sana na yale ya Snort. Kuna pia mkusanyo wa saini unaoitwa Emerging Threats, wenye sehemu ya bure na sehemu ya kulipa. Tangu 2015 uko chini ya kampuni ya Proofpoint.

Upande wa pili kuna kampuni zinazouza mashine pamoja na saini zilizofungwa. Mteja anaona jina la saini na maelezo mafupi, lakini haoni mashine inatafuta nini ndani ya pakiti.

5. SABABU ZA WALE WANAOFICHA

Tuwasikilize kwanza. Si watu wajinga.

Sababu ya kwanza: mwizi naye anasoma. Ukiweka daftari la sentinele ukutani, mwizi atalisoma, kisha atavaa nguo ambayo haimo.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mara nyingine kampuni ya ulinzi inajua ufa ambao bado haujazibwa. Kwa mfano, kampuni ya TippingPoint ilianzisha mwaka 2005 mpango wa kulipa watu wanaogundua nyufa mpya. Mtengenezaji wa programu anaambiwa kwa siri ili aandae kiraka. Wakati huo, wateja wa TippingPoint wanapewa saini ya kuwalinda. Sasa, kama saini ya aina B iko wazi siku ile, inakuwa ramani. Inaonyesha kila mtu tundu liko wapi, na dunia nzima haina kiraka. Hapo kufungua daftari ni sawa na kutangaza sokoni kwamba dirisha la nyuma la jirani halifungi.

Vilevile Microsoft ilianzisha mwaka 2008 mpango wa kuwaambia watengenezaji wa ulinzi habari za nyufa mbele ya siku ya kutoa viraka. Wanaopokea habari hizo wanaahidi kunyamaza. Kwa hiyo hata Snort, yenye saini za kusomeka, ina baadhi ya saini ambazo zinatolewa kwa lugha ya mashine, kusudi mambo ya siri yasisomwe.

Sababu ya tatu ni ya biashara. Kuandika saini nzuri ni kazi. Mtu aliyelala usiku mbili tatu juu ya mstari mmoja hapendi kuona jirani anaunakili na kuuza kwa jina lake. Hiyo pia inaeleweka.

6. SABABU ZA WALE WANAOFUNGUA

Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Ufaransa, aliandika juu ya maandishi ya siri ya jeshi. Alisema kwamba njia ya kuficha maneno isitegemee siri ya chombo chenyewe. Chombo kiweze kuanguka mikononi mwa adui bila shida. Kitu cha kufichwa ni ufunguo tu. Tunaweza kusema: kadena nzuri ni ile ambayo fundi mwizi anajua jinsi ilivyotengenezwa, na bado haifungui.

Wengi wanatumia neno hilo la Kerckhoffs kusema kwamba saini zote zifunguliwe. Lakini twende polepole, kwa sababu mfano huo haukai vizuri mpaka mwisho. Kadena ina ufunguo, saini haina. Anayejua saini A yote anajua kuikwepa. Kwa hiyo hatuwezi kusema «Kerckhoffs amesema» na kufunga mjadala. Lazima tutafute sababu nyingine. Ziko nne.

Ya kwanza: siri hiyo haidumu. Mwizi mwenye feza anaweza kununua mashine ileile, kuiweka nyumbani, na kutuma pakiti moja moja mpaka aone ipi inapita. Tena, mwaka 2007, kwenye mkutano wa Black Hat huko Marekani, watafiti Robert Graham na David Maynor walieleza jinsi walivyofungua saini zilizofichwa za TippingPoint na kutoa ndani yake habari za nyufa ambazo hazijazibwa. Na mwezi wa Mei 2012 Microsoft iliondoa kampuni moja ya China katika mpango wake wa siri kwa kuvunja ahadi ya kunyamaza. Basi yule aliyezuiliwa kabisa kusoma daftari ni nani? Ni mteja mwaminifu ambaye hana wakati wala ruhusa ya kulivunja.

Ya pili: kiraka chenyewe kinasema. Siku mtengenezaji anapotoa kiraka, wajuzi wanalinganisha programu ya zamani na mpya. Fasi iliyobadilika ndiyo fasi ya ufa. Nyuma ya siku hiyo, kuficha saini kunaficha kitu kidogo sana.

Ya tatu: kengele za uongo. Mashine ikitupa pakiti ya haki, fundi wa hospitali anataka kujua sababu. Kama anaona saini, atasema: «Lo, inatafuta neno hili, na neno hili liko katika picha zetu za kila siku. Niirekebishe.» Kama haoni, ana njia mbili tu: kuizima saini yote na kubaki uchi, ao kuandika barua kwa kampuni na kungoja.

Msidhani ni mambo ya kuwaza tu. Tarehe 21 Aprili 2010 kampuni ya McAfee ilituma kwa wateja faili ya saini namba 5958. Saini moja ndani yake iliona faili ya haki ya Windows XP, inayoitwa svchost.exe, ikadhani ni kirusi. Kompyuta nyingi ziliharibika siku hiyo. Tarehe 19 Julai 2024 faili ya maagizo ya ulinzi kutoka CrowdStrike iliangusha kompyuta karibu milioni 8,5, na ndege nyingi zikabaki chini. Hizo mbili si mashine za bariere kama zetu. Ni ulinzi unaokaa ndani ya kompyuta yenyewe. Tena, kuona maandishi peke yake kusingetosha kuzuia ajali zile. Lakini zinafundisha neno moja: saini inayoingia bila mteja kuipima inaweza kuumiza zaidi kuliko mwizi. Anayeruhusiwa kuona na kuchelewesha anaweza kuijaribu kwanza kwenye mashine moja, kisha kwenye zote.

Ya nne: wakati. Tarehe 25 Januari 2003 mnyoo unaoitwa Slammer ulitoka. Ulikuwa mdogo sana, baiti 376 tu, ukiingia kwa mlango namba 1434. Mwanzoni hesabu yake iliongezeka mara mbili kila sekunde 8,5, na katika dakika 10 hivi ulikuwa umeshika karibu asilimia 90 ya kompyuta zenye ufa ule. Zilizoambukizwa zilikuwa si chini ya 75 000. Tuseme wewe ni fundi usiku ule na mashine yako haina saini yake. Kama daftari lako linakubali mkono wako, utaandika mstari: «Pakiti inayokwenda mlango 1434, yenye mwanzo huu na urefu huu, tupa.» Ni kazi ya dakika chache, na unaweza kumsomea jirani kwa simu. Kama daftari limefungwa kabisa, unangoja kampuni iamke.

7. NJIA YA KATIKATI

Mimi naona kwamba kila upande una haki, lakini si kwa wakati mmoja. Tugawe maisha ya ufa katika vipindi viwili.

Kipindi cha kwanza: ufa unajulikana na wachache, kiraka hakijatoka. Hapa saini inaweza kufichwa. Lakini kampuni iseme angalau mambo matatu: saini hii inagusa programu gani, mlango gani, na mteja anaweza kuizima namna gani.

Kipindi cha pili: kiraka kimetoka. Hapa saini ifunguliwe kwa mteja aisome na kuirekebisha. Faida ya kuficha imekwisha, na faida ya kuona inabaki. Kama kampuni inataka kukataza kuigawa bure, hiyo ni biashara yake. Lakini kumkataza hata mnunuzi kusoma sheria inayotawala nyumba yake mwenyewe, hapo sababu nzuri siioni.

Wengine watajibu: wateja wengi hawajui kusoma saini, sasa mtawafungulia nini? Ni kweli, wengi hawajui. Lakini hata katika enternati hii si wote wanaosoma kanuni zilizobandikwa mlangoni. Akitokea mmoja anayezisoma, wote wanafaidika, kwa sababu huyo mmoja atainua mkono na kusema: «Kapita, kanuni ya tano haisemi hivyo.» Nimekwisha kuambiwa neno hilo, na ninakubali ni sawa. Kapita anayeandika majina ya watu wa adhabu kwa kanuni anazozijua yeye peke yake, hata akiwa na moyo mzuri, watu watamwogopa lakini hawatamwamini. Na hakuna atakayemsaidia kuona kwamba kanuni moja ni mbaya.

Hatari iko pia upande wetu wa kufungua. Saini iliyo wazi isiyosomwa na mtu ni sawa na ile iliyofungwa. Uwazi unatupa kazi: lazima wawepo watu wa kusoma. Kama nchi yetu itanunua mashine hizo na hatuna vijana wa kuzielewa, tutakuwa na daftari wazi mbele ya macho yaliyofumbwa.

8. MASWALI YA KUMWULIZA MUUZAJI

Siku moja ukitumwa kununua mashine kama hiyo, usiulize bei tu. Uliza hivi, na uandike majibu:

1) Ninaweza kusoma saini zenu? Zote, ao baadhi? Zile zinazofichwa, zinafichwa mpaka lini?
2) Kila saini ina namba ya ufa inayolindwa nayo? (Tangu 1999 kuna orodha ya watu wote inayoitwa CVE. Ufa wa Slammer, kwa mfano, ni CVE-2002-0649, na ule uliotumiwa na WannaCry ni CVE-2017-0144.)
3) Saini hii inatazama nguo ya mwizi ao tundu la ukuta?
4) Mashine ikitupa pakiti, inaniwekea nakala yake nipate kuichunguza?
5) Ninaweza kuandika saini yangu mwenyewe?
6) Ninaweza kuweka saini mpya ipige kengele tu kwa siku chache, mbele ya kuipa ruhusa ya kutupa?

Swali la sita ni la mtu mwenye hekima. Mlinzi mpya haachwi na lango peke yake siku ya kwanza. Anasimama kwanza pamoja na wa zamani, na watu wanaangalia ni nani anayemrudisha.

NENO LA MWISHO

Tusidhani kwamba saini, wazi ao zilizofichwa, zinatosha. Siku hizi sehemu kubwa ya kurasa za intaneti inapita ikiwa imefungwa kwa maandishi ya siri, na mlinzi wa bariere haoni mzigo mpaka apewe njia ya kuufungua. Tena, ufa uliozibwa hauhitaji mlinzi. Kwanza kiraka, kisha sentinele.

Lakini pale sentinele anapowekwa, na apewe nguvu ya kukataa, yule anayemlipa ajue anakataa kwa kanuni gani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya mashine ya kugundua na mashine ya kuzuia uvamizi. Ipi inaumiza zaidi ikikosea, na juu ya nini?
2. Juu ya nini saini A ingemwacha Code Red II apite?
3. Neno la Kerckhoffs linafaa kwa saini kwa kadiri gani? Onyesha fasi ambapo mfano wa kadena unavunjika.
4. Hesabu: Slammer inaanza na kompyuta 1 na kuongezeka mara mbili kila sekunde 8,5. Ni mara ngapi lazima iongezeke kusudi ipite 75 000, na ni sekunde ngapi? (Jibu: mara 17, kwa sababu 1 ikiongezeka mara mbili kwa hatua 16 inafika 65 536 na kwa hatua 17 inafika 131 072, sekunde 144,5.) Sasa fikiri: kama hesabu inatoa chini ya dakika 2 na nusu, juu ya nini ilichukua dakika 10 kufika asilimia 90? (Msaada: fikiri juu ya njia iliyojaa magari, na juu ya nyumba chache zilizobaki bila kubishwa hodi.)
5. Mjadala wa darasa: «Saini ya ufa usio na kiraka ifunguliwe kwa wote.» Kundi moja likubali, lingine likatae. Kila mmoja atoe sababu mbili ambazo hazimo katika somo hili.

Wenye majibu ya swali la tano wayapeleke kwa mwalimu wa hesabu ao kwangu, nasi tutaandika yaliyo mazuri katika numero inayofuata.

Kapita wa wanafunzi,
Mwaka wa nne wa humanite